Maswali ya Wasomaji: Mapenzi na Kuvunjika Moyo katika Riwaya ya Hemingway

Barua zilizotufikia safari hii karibu zote zinahusu kitabu kimoja: A Farewell to Arms cha Mmarekani Ernest Hemingway, kilichotoka mwaka 1929. Kwa ambaye hajakisoma: Frederic Henry, kijana wa Kimarekani, ni luteni katika jeshi la Italia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na anasimamia magari ya kubeba majeruhi. Anakutana na Catherine Barkley, nesi wa Kiingereza. Anajeruhiwa, wanapendana akiwa amelazwa Milan, anarudishwa mstari wa mbele, jeshi linasambaratika, anatoroka, na wawili hao wanakimbilia Uswisi. Majibu yetu yanafika mpaka ukurasa wa mwisho, kwa hiyo anayetaka kuufikia mwenyewe kwanza aiweke safu hii kando.

*Ndugu Mhariri, nimefika sura ya 6 na nimeudhika. Huyu Frederic anasema wazi moyoni kwamba hampendi Catherine, huku mdomoni anamwambia anampenda. Kila mtu ananiambia hii ni hadithi kubwa ya mapenzi. Mapenzi yenyewe yako wapi? — Mwanafunzi, Ubungo*

Umesoma sawasawa. Katika sura hiyo Frederic anayafananisha mazungumzo yake na Catherine na mchezo wa karata, ila badala ya kutupa karata mnatupiana maneno. Wanaozikimbiza sura hizi wakitafuta mahaba hawaoni kwamba mwandishi ameyaanzisha mapenzi haya kwa uongo kwa makusudi, na kwamba wote wawili wanajua.

Rudi sura ya 4 uangalie Catherine ameshika nini mkononi. Ni kifimbo chembamba cha henzirani kilichozungushiwa ngozi. Kilikuwa cha mchumba wake, mtu waliyekua pamoja na kuchumbiana miaka minane, akauawa kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa. Anasimulia kwamba alipoanza unesi alikuwa na wazo la kitoto: huenda siku moja mchumba wake angeletwa hospitali aliyokuwapo yeye, ana jeraha la upanga na bendeji kichwani, jeraha la kupendeza kama la kwenye picha. Kilichotokea ni kwamba mlipuko ulimtawanya vipande vipande. Kwa hiyo wakati Frederic bado anaiona vita kama jambo lisilomhusu yeye, Catherine ameshatoka huko. Insha nyingi humfanya Frederic ndiye anayezinduka na Catherine kuwa wa kumfuata nyuma, na hapo hukosea. Mwanamke huyu alishazinduka kabla kitabu hakijaanza. Anapomwomba Frederic aseme kwamba amerudi kwake usiku, anamtumia kumsikia marehemu kwa dakika chache. Kisha anakatisha mwenyewe, na kumwambia kwamba mchezo huu wanaoucheza ni mbovu.

Ukitaka kuona mapenzi yanavyoingia, fuata ishara ndogo. Mwisho wa sura ya 7 Frederic amechelewa kwa sababu ya ulevi, anaambiwa Catherine hajisikii vizuri na hatamwona, na anaondoka akijihisi mpweke na mtupu. Hilo halikuwamo kwenye mchezo wa karata. Sura ya 9 anajeruhiwa miguu. Sura ya 14, kitandani Milan, Catherine anaingia chumbani na Frederic anatuambia palepale kwamba anampenda, na kwamba hakutaka kumpenda mtu yeyote. Wengi wanalalamika kuwa ni ghafla mno. Lakini angalia hali yake: yule aliyekuwa akija na kuondoka anapotaka sasa amelala hawezi hata kusimama, na safari hii ni Catherine anayekuja kwake.

Chukua pia kipimo cha padri wa kikosi, sura ya 11. Anamwambia Frederic kwamba hayo ya usiku anayoyasimulia ni tamaa tu, na kwamba anayependa hutaka kumfanyia mwenzake kitu, kujitolea na kumtumikia. Pita na kipimo hicho kitabu kizima. Catherine anakifikia mapema: anajitwisha zamu za usiku mfululizo hadi rafiki yake Ferguson anamwambia Frederic ambembeleze apumzike. Frederic anachelewa sana. Anakifikia sura ya 37, anapopiga makasia usiku kucha kilomita 35 kwenye Ziwa Maggiore, viganja vimechubuka. Wanajaribu kufungua mwavuli uwe tanga, upepo unaugeuza nje ndani, Catherine anacheka. Wanayozungumza mashuani ni mikono, baridi, chakula na njia. Kwetu sisi hakuna sura ya mapenzi inayoizidi hiyo.

*Mhariri, wanafunzi wangu wote huandika kwamba Frederic anavunjika moyo na vita pale Caporetto. Niwape maksi zote? Na ni mfano gani wa hapa kwetu utawasaidia kuelewa kile kifungu cha sura ya 27 kuhusu maneno makubwa? — Mwalimu wa sekondari, Temeke*

Mwalimu, wape nusu. Majeshi ya Austria na Ujerumani yaliuvunja mstari wa Waitaliano pale Caporetto kuanzia tarehe 24 Oktoba 1917, na wakati jeshi la Italia likirudi nyuma Frederic anatoroka. Kutoroka huko ni kwa miguu tu. Imani imeanza kumomonyoka zamani, na mwandishi anaibomoa kidogo kidogo kwa vitu ambavyo mwanafunzi huvipita haraka.

Sura ya 1 inamalizika kwa kipindupindu kilichoingia na mvua za majira ya baridi. Kikadhibitiwa, msimulizi anatuambia, na jeshini wakafa watu 7,000 tu. Waulize wanafunzi hilo neno "tu" limesemwa kwa sauti ya nani. Ni sauti ya taarifa za makao makuu, nayo imewekwa pale bila maelezo yoyote. Halafu sura ya 9: Frederic na madereva wake wako handakini wanakula makaroni yaliyopoa na jibini, kombora linaangukia humo, dereva Passini anakufa akimwita mama yake. Sura ya 10 rafiki yake Rinaldi, daktari wa upasuaji, anakuja na habari ya nishani na kumhoji: hukufanya tendo lolote la kishujaa? Frederic anamjibu kwamba alilipuliwa wakati wanakula jibini. Mwanafunzi atakayeleta jibini kwenye insha yake amesoma kitabu.

Sasa sura ya 27. Frederic anazungumza na Gino, kijana mzalendo kwelikweli, kisha anafikiri peke yake kwamba maneno kama utukufu, heshima, ushujaa na kafara yalikuwa yakimtia aibu siku zote. Ameyasikia yakipigiwa kelele kwenye mvua, ameyasoma kwenye matangazo ya ukutani, na hajaona chochote kitakatifu. Vilivyobaki na hadhi ni majina ya vijiji, namba za barabara, majina ya mito, namba za vikosi na tarehe.

Mfano wa kwetu upo Mtaa wa Samora, hapa Dar es Salaam. Wapeleke kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, wasome maandishi ya chini, ambayo yapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Kisha waulize: majina yenyewe yako wapi pale? Hakuna hata moja. Maneno hayo yaliandikwa na Mwingereza Rudyard Kipling, ambaye mwanawe wa pekee aliuawa vitani huko Loos, Ufaransa, mwaka 1915, kwa hiyo hakuwa akitania. Ndiyo maana mfano huu unafaa kuliko hotuba ya mtu mwongo. Maneno makubwa yanashindwa hata yakiandikwa na baba aliyefiwa.

Toka hapo uende nao Kariakoo, iliyopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa vita hiyohiyo. Hakuna sifa yoyote katika jina hilo, na linatajwa mjini kutwa nzima. Ukipenda, andika ubaoni safu mbili: upande mmoja utukufu, kafara, nchi, upande wa pili Kariakoo, Mahiwa, Lindi, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Mapigano ya Mahiwa, ya Waingereza na Wajerumani kusini mwa nchi yetu, yalimalizika siku 6 kabla ya Caporetto kuanza. Ilikuwa vita moja, na wanafunzi wako wanastahili kujua kwamba ilipiganwa kwao na kwetu pia.

Maksi za juu kabisa mpe atakayegundua sura ya 29. Jeshi likirudi nyuma, magari ya Frederic yanakwama kwenye tope. Masajini wawili wa kikosi cha wahandisi aliowapa lifti wanakataa kukata matawi ya kuweka chini ya magurudumu na kuanza kuondoka zao. Frederic anawafyatulia risasi, mmoja anaanguka, na dereva Bonello anammalizia. Sura inayofuata, kwenye daraja la mto Tagliamento, polisi wa jeshi wanawatoa maofisa msafarani mmoja mmoja, wanawahoji kwa nini wameacha vikosi vyao, na kuwapiga risasi. Frederic anajitupa mtoni kabla zamu yake haijafika. Kwa hiyo kosa alilomhukumia sajini ndilo anashtakiwa nalo yeye, na humsikii akilitaja tena kwa majuto. Anasema mto umemwosha hasira pamoja na wajibu wote. Mwanafunzi anayeandika kwamba Frederic ni mtu mwema aliyeonewa na vita hajamaliza kazi.

*Mhariri, Catherine ananikera. Mara "nitafanya unachotaka", mara "mimi sipo, nimekuwa wewe". Tumsome mwanamke wa namna hii kwa faida gani? — Msomaji, Kigamboni*

Dada, hauko peke yako, wahakiki wamebishana juu ya hili miaka mingi. Sisi tunaona lalamiko lako lina haki kwa nusu ya pili ya kitabu zaidi kuliko ya kwanza.

Usiyasikilize maneno yake pekee, tazama nani anaamua. Frederic anataka wafunge ndoa wakiwa Milan. Catherine anakataa na kutoa sababu ya mtu anayejua kanuni za kazi yake: akiolewa watamwondoa na kumrudisha kwao. Sura ya 21 anamwambia ana mimba ya miezi mitatu, na Frederic anateleza, anasema kwamba kimaumbile mtu siku zote hujihisi amenaswa. Catherine analidaka lile "siku zote" na kumwambia si neno zuri. Kwa sentensi moja amemwonyesha kwamba amesikia: Frederic alikuwa na wanawake wengine kabla yake. Sura ya 23, usiku Frederic anaporudi vitani, wanachukua chumba cha hoteli chenye mahameli mekundu na vioo vingi. Catherine anasema hajawahi kujisikia kama kahaba kabla ya hapo, ananyamaza, kisha anajikaza mwenyewe kabla treni haijaondoka. Hakuna anayemsaidia kufanya hivyo.

Tatizo ni Uswisi, sura za 38 hadi 40. Hawana kazi, hawana ndugu wala jirani wa kubishana naye, na mazungumzo yao ni nywele, ndevu na theluji. Wapo wanaosema utupu huo umewekwa makusudi, na ushahidi wanao: Frederic anaendelea kusoma magazeti ya vita hukohuko. Hata hivyo mwandishi alimpa Catherine akili kali na kumnyima mahali pa kuitumia, na hilo tunalihesabu kuwa upungufu wa kitabu.

*Je, ni kisa chake mwenyewe Hemingway? — Msomaji, Tabata*

Kwa sehemu. Alijeruhiwa tarehe 8 Julai 1918 huko Fossalta, kando ya mto Piave, akiwa na Msalaba Mwekundu wa Marekani. Alikuwa hajatimiza miaka 19, na alikuwa akiwagawia askari chokoleti na sigara. Akiwa hospitali Milan alimpenda nesi Agnes von Kurowsky, aliyemzidi miaka 7. Machi 1919 Agnes alimwandikia barua ya kumwacha. Hapakuwa na mtoto wala kutorokea Uswisi. Caporetto hakuwapo kabisa, ilitokea miezi kadhaa kabla hajafika Italia. Msafara wa watu wanaokimbia vita alikuja kuuona kwa macho mwaka 1922 akiwa mwandishi wa habari, wakati wakimbizi wa Kigiriki walipokuwa wakihama Thrace. Na upasuaji wa uzazi aliujua mwaka 1928, mkewe Pauline alipojifungua kwa njia hiyo na kupona.

*Mwisho umenikata maini. Mpenzi wake amekufa, mtoto amekufa, yeye anatoka anatembea tu kwenye mvua. Hakulia? Na wale sisimizi walikuja kufanya nini pale? — Msomaji, Mbagala*

Sura ya 41 isome tena pole pole ukifuatilia anachofanya, kwa sababu huzuni yake imewekwa kwenye mikono na miguu. Uchungu wa Catherine unachukua saa nyingi. Frederic anatoka kula, anarudi, anageuza kidude cha gesi ya ganzi, anatoka tena. Daktari anaamua kupasua. Mtoto wa kiume, kilo 5, anatolewa amekufa, kitovu kimemzonga shingoni, na baba hata hakuambiwa mara moja. Baadaye Catherine anavuja damu bila kukoma. Frederic, ambaye kitabu kizima hana dini ya kueleweka, anamwomba Mungu asimchukue, na anarudia ombi hilo mara nyingi mpaka sentensi zinakatika. Hicho ndicho kilio chake.

Sisimizi ni kumbukumbu ya kambini. Gogo lilitiwa motoni likiwa limejaa sisimizi, wakawa wanakimbilia katikati, wanarudi mwishoni, wanadondokea motoni. Aliona kwamba angeweza kuwa mwokozi wao kwa kulitoa lile gogo. Alichofanya ni kumwagia kikombe cha maji, na hata hayo maji aliyamwaga ili kikombe kiwe wazi atie wiski. Linganisha na yale maombi. Kambini Frederic ndiye aliyekuwa juu ya gogo, hajali; safari hii anamwomba aliye juu, na yeye yuko chini pamoja na sisimizi.

Kuhusu ukurasa wa mwisho: Hemingway aliuandika upya mara nyingi sana. Toleo la mwaka 2012 limechapisha miisho 47, mingine yenye mafundisho, mingine inayoeleza maisha ya Frederic baadaye. Alibakiza ule usiofundisha chochote. Frederic anawatoa manesi, anafunga mlango, anazima taa, anakuta ni kama kuiaga sanamu. Na hiyo mvua Catherine aliitaja tangu sura ya 19, aliposema anaiogopa kwa kuwa wakati mwingine hujiona amekufa ndani yake. Usiigeuze kuwa kanuni, maana kuna mvua nyingine humo ni mvua tu.

*Tuna kikundi cha kusoma, watu wanane. Tukigawe vipi? — Kikundi cha wasomaji, Mbezi*

Kitabu chenyewe kimegawanywa sehemu tano: sura 12, 12, 8, 5 na 4. Fanyeni vikao vitano vinavyofuata mgawo huo, msigawe kwa idadi ya kurasa, kwa sababu kila sehemu ina mahali pake na hali yake. Nakala za mitumba zinazouzwa kando ya barabara Posta zina kurasa tofauti, hivyo mkitaja kifungu tajeni sura.

Mambo mawili huwaangusha wasomaji wapya. La kwanza ni mazungumzo: wanajibizana mistari kumi na tano bila kuambiwa nani anasema. Chukua penseli, weka F na C pembeni tangu mstari wa kwanza, maana ukikosea mmoja utamsingizia Catherine maneno ya Frederic hadi mwisho wa ukurasa. Vistari virefu mtakavyokuta mahali pa maneno ni matusi ambayo mchapishaji wa 1929 aliyaficha. La pili ni ramani, hasa kikao cha tatu. Weka alama tatu tu kutoka mashariki kwenda magharibi: mji wa Gorizia, mji wa Udine, mto Tagliamento. Bila hivyo safari ya jeshi kurudi nyuma inakuwa tope na majina, na hamtaelewa kwa nini daraja lile lilikuwa mtego, kwamba maelfu walilazimika kupita hapo na polisi wa jeshi walijua.

Kikao cha pili someni kwa sauti sura ya 19, dakika chache tu. Kikao cha tatu sura ya 27 na ya 30. Kikao cha tano msisome kwa sauti, kila mtu aje ameshamaliza nyumbani, na muanze na swali la sisimizi. Mkibaki na hamu, chukueni Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, unaohusu vita ya 1939 hadi 1945. Yeye anayaamini yale maneno makubwa ambayo Frederic anayaonea aibu, na anayaamini kwa nguvu zake zote. Someni beti za mwanzo baada tu ya sura ya 27, kisha mbishane.